Ukimya ni Ndiyo

Wiki iliyopita ulifika pale, ukakunja gazeti. Usibishe. Ulimwacha dada wa watu mbele ya kioo cha kompyuta, kidole kimening'inia juu ya vitufe viwili, uso wa mdogo wake wa tumbo moja umejaa mbele yake, na wewe ukaenda kuoga. Ukasema, ah, hadithi tu hiyo.

Ndivyo ulivyosema pia walipofunga kamera ya kwanza pale kituo cha mabasi. Walikuambia ni kwa ajili ya wezi wa simu. Ukapiga makofi. Wako wanaokumbuka makofi yako.

Haya, kidole bado kiko hewani. Safari hii tazama mpaka mwisho.

Kazini walimwita Darubini, maana jicho lake halikuwa na mpinzani. Chumba chao kilikuwa ghorofani, madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi, feni moja inalia kama inaumwa, na safu kwa safu za vioo ambamo mji mzima ulipita bila kujua unatazamwa. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Upande wa kushoto mashine inaleta mtu anayetafutwa. Upande wa kulia inaleta mtu inayedhani ndiye. Wewe unabonyeza. NDIYE. Au SIYE.

Kushoto, siku ile, alisimama mtu aliyevaa kinyago cha kuchomelea vyuma. Alikuwa amepanda ngazi mchana kweupe mbele ya zahanati, akaikata kamera ya mlangoni kwa grenda, akashuka, akaondoka zake akichechemea mguu wa kushoto. Uso haukuonekana hata chembe. Lakini mashine mpya haina shida na uso. Inamjua mtu kwa mwendo wake.

Kulia alikuwa Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, kitinda mimba wa mama yake Darubini. Mguu wake wa kushoto uliwahi kuangukiwa na geti akiwa anajifunza kazi. Kwenye picha amebana mkate kwapani, anacheka na mtu.

Nyuma ya kiti cha Darubini alisimama msimamizi wao, Tabasamu. Jina alipewa na wafanyakazi, kwa kuwa hata alipomfukuza mtu kazi meno yake yote yalikuwa nje. Leo alikuwa na wageni, watu wa suti waliotoka nchi za mbali kuja kuinunua mashine.

"Mbona unasitasita, Darubini?"

"Naangalia vizuri, bosi."

"Angalia haraka. Wageni hawakupanda ndege kuja kuona mgongo wako."

Wageni wakacheka.

Akabonyeza SIYE.

Picha ya Cheche ikafutika. Pumzi ikamtoka kama mtu aliyetua gunia la mchanga. Mgeni mmoja akainama karibu naye.

"Binti, umejuaje kwamba si huyo?"

Darubini akageuka kumtazama. "Huyu wa mkate anaurusha mguu nje, mzee. Yule wa ngazi anauburuta." Uongo mtupu, lakini uliteleza kama mafuta. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Tabasamu akamgusa bega. Na Darubini, Mungu amsamehe, akajiona shujaa kidogo.

Ilikuwa ni kugeuka huko tu. Kugeuka tu.

Maana kulikuwa na sheria moja mle ndani, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya. Zamani vitufe vilikuwa vitatu. Cha tatu kiliandikwa SIJUI. Wateja wanaolipia msako hawakukipenda, kikang'olewa. Badala yake wakaweka mstari mwekundu chini ya kioo, unaopungua kama mshumaa. Ukikataa mtu mmoja, mashine inaleta anayemfuata kwa kufanana. Mstari ukiisha hujabonyeza kitu, mashine inaandika NDIYE na kutuma askari.

"Jamani," alizoea kuwaambia wapya, "kwenye mashine hii ukimya ni ndiyo. Usiende kukojoa bila kufunga kioo chako." Nao walicheka.

Alipogeuka kutoka kwa mgeni, mstari mwekundu ulikuwa umekwisha. Chini ya picha mpya neno la kijani liliwaka: NDIYE.

Kwenye picha alikuwa Mzee Gundi.

Mzee Gundi! Fundi viatu anayekaa kwenye kona, ng'ambo ya lile lile jengo lao, mwenye nyonga mbovu ya kushoto. Asubuhi ile ile alimbandikia Darubini kisigino, akamwambia, "Binti yangu, viatu vyako vinaisha upande mmoja. Unaelemea wapi?"

Darubini akavamia vitufe. SIYE. SIYE. SIYE. Kioo hakikujibu. Kilikuwa kimeshaleta kazi nyingine.

"Mabibi na mabwana," Tabasamu akasema, "elekezeni macho kwenye kioo kikubwa."

Pale kwenye kioo kikubwa gari jeupe lilipanda ukingo wa barabara. Askari wakamwagika. Mzee Gundi aliinua mkono mmoja tu, kwa kuwa mwingine ulishika kiatu cha mteja, na chini palikuwa na tope. Walimpigia kelele akiachie. Yeye akatafuta pakavu pa kukiweka. Mteja wake alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, soksi imetoboka, mdomo wazi.

Walimpiga kitako cha bunduki kwenye ile nyonga mbovu. Kiatu kikaanguka topeni.

Kioo kile hakina sauti. Lakini Darubini aliinua pembe ya karatasi nyeusi dirishani, na sauti ikapanda mpaka juu: "Kiatu cha mtu hicho! Jamani, kiatu cha mtu!"

Nyuma yake wageni walikuwa wanapiga makofi.

Alimkuta Tabasamu kwenye chumba cha chai, anakoroga sukari.

"Bosi, pana kosa pale. Mzee Gundi hawezi kupanda kitanda chake bila kuushika ukuta. Atapandaje ngazi na grenda mkononi?"

"Nani alibonyeza?"

"Hakuna aliyebonyeza!"

"Basi umejijibu mwenyewe."

"Nifungulie nibadilishe. Nakuomba."

"Unajua utaratibu. Kumtoa mtu, unaingiza mtu. Faili halibaki tupu." Akaonja chai, akaongeza sukari. "Unaye mwingine?"

Darubini akautazama mlango.

"Yule wa kwanza, mwenye mkate. Nimerudi kumtazama kwa utulivu. Unajua ana pua kama yako?"

Meno ya Tabasamu yalikuwa meupe, yamepangika vizuri, kama vyombo vya harusi.

"Usiogope. Mimi sina ugomvi na ukoo wa mtu. Wageni wanasaini kesho asubuhi. Kabla ya kusaini wanataka kuiona mashine mara moja tena, hapa hapa kwenye barabara yetu, inavyomnasa mtu kwa mwendo. Wakishasaini, mzee anakabidhiwa kwa mteja. Ukitaka kubadilisha kabla ya hapo, njoo na mdogo wako... samahani, njoo na jina."

"Lakini unajua kabisa kwamba siye!"

"Darubini, mimi nauza mashine. Ukweli katafute duka lingine."

Kukabidhiwa kwa mteja. Darubini alilijua neno hilo. Alishawaona wengi wakikabidhiwa. Mama zao bado wanazunguka ofisi kwa ofisi na picha zilizopauka, na wewe ukikutana nao njiani unajitia kutafuta kitu mfukoni.

Akachukua mkoba, akatoka.

Karakana ya Cheche ilikuwa uani kwao. Mageti ambayo hayajapakwa rangi yameegemezwa ukutani, na kwenye kigoda kando ya mlango mama yao anashona vifungo, miguu ameikunja chini yake. Darubini aliwaeleza yote bila kukaa chini. Aliposema "Mzee Gundi," sindano ya mama ikasimama.

Cheche alivua glavu taratibu.

"Kwa hiyo ulinikana ukaniokoa," akasema, "halafu ukageuka kupokea sifa."

"Niligeuka mara moja tu, mdogo wangu."

"Mara moja! Na kwa shangazi je, mligeuka mara ngapi?"

"Cheche, basi," mama akasema.

"Sio basi, Mama. Shangazi alikuwa anachukua dawa pale zahanati kila mwezi, hakuna aliyejua, anafanya kazi yake, anakula, ananenepa. Wakaweka kamera mlangoni. Picha zikafika kiwandani alikoajiriwa. Nani aliziuza, dada? Si nyinyi? Akafukuzwa, akaogopa ule mlango kama kaburi, na kaburini ndiko alikofika. Wewe ulikuja mazishini na mkoba wa kampuni begani."

Siku ile ya mazishi Darubini alijiambia kwamba yeye anabonyeza tu, anayeuza ni mwingine. Alikuwa amelibeba neno hilo mpaka leo, na sasa lilikuwa jepesi kama pumba.

Cheche akachukua koti msumarini.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Kujisalimisha. Mzee Gundi amekaa kwenye kiti changu."

"Hutoki."

"Mama, mzee wa watu ana nyonga mbovu, wanamlaza sakafuni kwa ajili yangu!"

"Ukienda hawatamwachia," Darubini akasema. "Nisikilize. Watakuwa na wawili. Muda wote niliokaa mle ndani sijaona mtu akirudishwa. Hawana hata kitufe cha kurudisha."

"Afadhali nikae naye kuliko kukaa na wewe."

Akaelekea mlangoni, akichechemea. Mama akaruka kutoka kwenye kigoda amzuie. Lakini miguu ilikuwa imekunjwa tangu mchana na wa kushoto umekufa ganzi. Akamfuata mwanawe akiuburuta, bega moja juu moja chini, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umeshika kola ya koti.

Darubini akawatazama kwa lile jicho lake la kazi. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kulitumia, jicho lile likashindwa. Mbele yake walikuwa Cheche wawili.

"Mama! Tembea tena."

"Nitembee nini wewe, mguu umekufa ganzi!"

"Hivyo hivyo. Tembea tena, nakuomba."

Mama akamtazama kana kwamba mtoto amepata homa. Akatembea. Darubini akapiga magoti kwenye vumbi la chuma, akatazama nyayo, magoti, kiuno.

"Kesho asubuhi wageni wanataka kuona mashine ikimnasa mtu mmoja barabarani kwa mwendo," akasema, maneno yanagongana. "Tukitokea watatu tunachechemea, itachagua anayefanana zaidi, na atakuwa wewe, Cheche. Lakini ukitokea mtaa mzima? Kila mtu mguu wa kushoto? Itawaambia wageni kwamba waliopanda ngazi ile ni watu mia tano. Nani atasaini? Na mzee watamshikilia kwa ushahidi gani, wakati ushahidi wao ni mguu tu?"

Cheche alisimama na koti mkononi.

"Hata mimi nitakuwa nimepanda ngazi?" mama akauliza.

"Hata wewe, Mama."

"Na presha yangu hii!"

Cheche ndiye aliyecheka kwanza, bila kutaka. Kisha wote watatu, wameshikana katikati ya mageti. Mama alianza kufanya mazoezi kutoka ukuta hadi ukuta. "Hivi? Au niuburute zaidi?" Wakacheka mpaka kicheko kikageuka, na mama akauficha uso kwenye koti la mwanawe.

Jua likiwa bado linaonekana, wakaanza kugonga milango.

Kinyozi aliapa kwa roho ya mtoto wake. "Mzee Gundi? Mimi hapa ninatembelea soli zake! Kesho nitachechemea mpaka nilemae." Mama muuza mkaa alisema ataleta na dada zake. Mwalimu mstaafu alitaka kujua ni mguu upi hasa, akaandika kiganjani. Mlango baada ya mlango, ndiyo, ndiyo, tuko pamoja, msijali.

Wakagonga na kwako. Usikwepe. Ulifungua nusu, ukasikiliza, ukatazama nyuma ya mabega yao kuona kama kuna mtu anawafuata. Ukasema, "Tuko pamoja."

Asubuhi ikafika na jua kali.

Darubini alitoka wa kwanza, mama akafuata, Cheche nyuma yao. Alikataa katakata kubaki ndani. "Yule mzee alikamatwa uso wazi," alisema, "na mimi nitatembea uso wazi." Kinyago chake kilibaki kimening'inia karakanani.

Wakaingia barabarani. Mguu wa kushoto wakauburuta. Shsss. Shsss. Shsss.

Barabara ilikuwa tupu.

Kwa kinyozi, pazia lilishushwa. Kwa muuza mkaa, kufuli. Mwalimu mstaafu alikuwa dirishani kwake. Macho yao yalipokutana akajifanya anakagua hali ya hewa. Kwenye kona, kigoda cha Mzee Gundi kilikuwa kimepinduka, na kile kiatu bado kimelala kwenye tope.

"Wako wapi?" mama akanong'ona. "Mwanangu, wako wapi?"

"Watakuja, Mama. Tembea."

Juu ya nguzo kamera ikageuza shingo.

Simu ya Darubini ikaita. Aliipokea bila kusimama.

"Darubini! Habari za asubuhi?" Meno yalisikika hata kwenye simu. "Naona unatembea vibaya. Umeumia?"

Akazidi kuuburuta mguu.

"Na huyo ni mama? Anaigiza vizuri kuliko wewe. Ila huyo wa nyuma haigizi. Mwambie ainue uso kidogo, wageni wamuone." Kiti kikalia, kiti alichokijua mlio wake. "Nimekaa kwenye nafasi yako leo. Kioo chako ni kizuri, kinaonyesha kila kitu. Kushoto kuna mtu wa ngazi. Kulia kuna mdogo wako. Mashine inaniuliza."

"Bonyeza siye," Darubini akasema. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtoto. "Nakuomba, bosi."

"Mimi? Mimi sibonyezi chochote. Sina haja. Unaikumbuka sheria? Si wewe ndiye unayeifundisha?"

Ng'ambo ya barabara, lango la jengo likafunguka. Gari jeupe likatoa pua. Nyuma yake likafuata la pili, na kwenye wavu wa dirisha lake vidole vya mzee vimeng'ang'ania, vyeusi kwa gundi ya miaka mingi.

Cheche akaviona. Akapita mbele ya mama yake, mbele ya dada yake, akichechemea katikati ya barabara kuyafuata magari, mikono wazi, uso juu. Mama akamfuata akilia jina lake la utotoni. Sasa mguu wake ulikuwa unaburuzika kweli.

Watu watatu. Mashine haiwezi kukosea kati ya watu watatu.

"Mstari umefika nusu," Tabasamu akasema sikioni.

Darubini akaitupa simu. Akageukia milango. Yote. Kwa kinyozi, kwa mwalimu, kwako. Akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama:

"Mliapa! Mliapa jana!"

Pazia moja likatikisika. Pazia lako.

Uko nyuma yake, gazeti mkononi, unapima kama mistari ya hadithi iliyobaki inatosha kumaliza chai. Unajiambia haikuhusu, wewe uso wako ni msafi, hujakata kamera ya mtu. Hata Mzee Gundi hakukata. Mle ghorofani wanaujua mwendo wako kuliko anavyoujua mama aliyekufundisha kutembea, na foleni inasogea, na kitufe cha SIJUI walishaking'oa.

Mstari mwekundu unapungua. Anayeweza kuivuruga mashine ni wewe na jirani yako na jirani yake, sasa hivi, kabla askari hawajafika pale alipo yule kijana. Unaponyamaza wanaandika NDIYE, na wanaiandika kwa jina lako.

Weka gazeti chini. Usitafute viatu. Fungua mlango, toka nje, mguu wa kushoto.

Chechemea!